Kalamu ya Dircab

Grégoire Zagabe alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika ofisi moja ya serikali mjini Bukavu, na katika miaka hiyo yote alikuwa amesaini kitu kimoja tu: daftari la mahudhurio. Barua aliziandika yeye, kwa Kifaransa kilichonyooka kama kimepigwa pasi, lakini chini ya barua walisaini wengine. Kwa hiyo Jumapili ile Hugues, rafiki yake wa chama, alipomnong'oneza nje ya kanisa kwamba waziri mmoja mpya wa mkoa anamtaka awe mkurugenzi wa ofisi yake, yaani Directeur de Cabinet, Dircab kama wanavyosema watu wa mjini, Grégoire hakuuliza mshahara. Aliuliza tu tangazo la serikali litatoka lini. Kisha akapanda kwenda kwake Cimpunda na kumwambia mke wake kwamba anahitaji kalamu.

"Kalamu gani?" aliuliza Domitille. Alikuwa anapepeta sambaza kavu, dagaa wa ziwani, akitenga za kuuza na za kula. "Bic ziko ku duka, francs mia tano."

"Dircab hasainiake na Bic, Maman Carmel. Nataka kalamu ya wino, ya kutengenezewa. Kuko muzee moja ku Nyantende anatengenezaka na pembe ya ng'ombe. Hata baprofesa banaendaka kwake."

"Na bei?"

"Cent vingt."

"Francs?"

"Dollars."

Dola mia moja na ishirini! Domitille aliweka ungo chini. Pesa zilikuwepo, dola mia moja na arobaini ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kila mtu nyumbani alijua ni za nini. Mvua ya Bukavu haibishi hodi, na jikoni kwa Domitille kulikuwa na sufuria mbili za kupikia na tatu za kukinga maji.

"Na bati yangu?"

"Bati!" Grégoire alicheka kicheko cha mtu ambaye ameshapanda jeep. "Mwezi ya kwanza tu nitaleta bati ya nyumba muzima. Bibi ya Dircab hawezi kuwa anahesabu bati."

Domitille alimtazama. Alikuwa mwanamke wa soko; alimjua samaki aliyeoza hata kama macho yake bado yanang'aa. Lakini alikuwa pia ameishi miaka kumi na tisa na mwanamume anayefurahia vyeo vya wengine, na alitamani, japo mara moja, kumwona akifurahia kitu chake mwenyewe. Akaenda kuleta kopo.

Muzee Barthélemy alikuwa mkulima wa maharage. Kalamu alizitengeneza wakati maharage yanaota, katika kibanda kilichopakana na zizi la mbuzi, kwenye mashine ya kukerezea aliyoiendesha kwa mguu. Alijifunza ujana wake kwa kurekebisha kalamu za mapadri, na sasa alikuwa na wateja wachache lakini wasiobishana naye. Alimkaribisha Grégoire kwenye gogo, akampa karatasi na kalamu ya zamani.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kitu unaandikaka kila siku."

Grégoire alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa Kifaransa: "Tafadhali pokea, Mheshimiwa, heshima zangu za juu kabisa." Aliandika mara tatu, kwa mwandiko mzuri sana. Muzee hakusoma. Alitazama mkono: kidole kinavyobonyea, kalamu inavyolala, kifundo cha mkono kinavyogusa karatasi. Halafu akachukua uzi akapima unene wa vidole vitatu.

"Unashika kalamu kama mutu anabeba yai ya mwingine," alisema.

Grégoire hakulipenda neno hilo. "Nataka ikuwe munene," alisema. "Munene sana. Na pete ya shaba hapa, yenye kung'aa, ili ionekane toka ku mulango."

"Munene itachokesha vidole yako."

"Vidole ni yangu, Muzee."

"Kalamu ni ya mukono, Papa. Haiko ya mulango." Hata hivyo aliandika kwenye ubao wake: nene. "Na jina?"

"G. Zagabe. Chini yake: Directeur de Cabinet."

Muzee alihesabu herufi kwa ncha ya kisu. "Tangazo ilishatoka?"

"Inatoka."

Katika wiki tatu zilizofuata Grégoire alikwenda Nyantende mara nne, kila mara kwa pikipiki ya kukodi. Mara ya kwanza aliomba pete ya pili. Mara ya pili aliomba herufi za jina ziwe kubwa kuliko za cheo, mara ya tatu akaomba za cheo ziwe kubwa kuliko za jina. Muzee Barthélemy alimsikiliza akipukuchua maharage, kisha akafanya alivyoona inafaa.

Na mara ya nne, lazima tuseme ukweli, kalamu ilikuwa nzuri. Pembe ilikuwa nyeusi, na mshipa mmoja mweupe ulipita ubavuni kama moshi. Kifuniko kiliingia kwa mizunguko miwili bila kelele. Ncha ya chuma, iliyoletwa na wachuuzi kutoka Kampala, muzee alikuwa ameinoa kwenye jiwe siku mbili mpaka ikamkubali Grégoire mwenyewe. Ilipogusa karatasi, Grégoire hakuomba pete nyingine.

"Ukijaza wino," muzee alimwonyesha, akishika ncha ya nyuma ya kalamu, "zungusha mukia polepole, inyonye. Kisha rudisha matone tatu mu chupa, pangusa. Ukisahau matone tatu, itakutapikia."

Tangazo lilitoka Ijumaa, kama picha ya WhatsApp iliyopigwa na mtu aliyetetemeka. Mistari mingi haikusomeka, lakini mstari wa nne ulisomeka: Directeur de Cabinet, ZAGABE G. Kabla ya jua kuchwa, dola ishirini zilizobaki kwenye kopo zilikuwa zimegeuka kuku wawili na bia. Majirani walikuja na viti vyao wenyewe. Mwalimu wa jirani aliomba kazi ya mwanawe, mama wa nyumba ya juu akaomba barabara, na mzee mmoja, baada ya kufikiri sana, akaomba bia nyingine.

Carmel, binti yao wa miaka kumi na sita, alikuwa ameikuza picha kwenye simu mpaka herufi zikawa matofali.

"Papa, hapa ni kama banaandika ulizaliwa Kinshasa."

"Ni kosa ya secrétaire."

"Na mwaka ni 1994."

"Basecrétaire ya siku hizi habajue kuandika," alisema Grégoire. "Nitabafundisha. Lete viazi."

Jumatatu saa mbili asubuhi alishuka mbele ya lango la ofisi ya waziri. Alivaa suti ya bluu, na kalamu ilikaa mfuko wa kifuani, pete ikiwa nje.

"Uko nani, Papa?" aliuliza mlinzi.

"Zagabe."

Mlinzi aliangalia karatasi yake, akaona jina, akapiga saluti iliyoyumbisha kofia. Mlango ukafunguliwa, na wa pili, na wa tatu, mpaka Grégoire akajikuta kwenye kiti cha ngozi kinachozunguka. Alikizungusha kidogo kushoto. Alikizungusha kidogo kulia. Karani wa pale, mama mmoja aitwaye Elodie, akaleta jalada lenye karatasi tatu: ruhusa ya mgonjwa, ombi la karatasi za mashine, na hati ya mafuta ya gari.

Grégoire alizisoma zote. Pengine alikuwa mtu wa kwanza katika jengo lile kusoma hati ya mafuta mpaka mwisho. Alisahihisha herufi mbili, akafungua kifuniko, mizunguko miwili, na kusaini. Wino ulitoka mweusi, mbichi, na jina lake likakaa chini ya barua, pale ambapo kwa miaka ishirini na miwili aliacha nafasi kwa wengine.

"Unaandika muzuri, Excellence," alisema Elodie, aliyekuwa ameona Dircab wanne wakija na kwenda. Macho ya Grégoire yalilowa.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliingia kijana wa viatu vilivyochongoka, simu mbili mkononi, na nyuma yake watu wanne wa kumsindikiza, kila mmoja akipiga picha.

"Tonton," alisema kijana kwa adabu kabisa, kama anayemwita mjomba wake, "nazania uko mu kiti yangu."

"Miye ni Zagabe," alisema Grégoire.

"Na miye pia. Zagabe Gloire. Waziri ni tonton yangu. Weye uko Zagabe gani?"

Swali hilo halikuwa na jibu linaloweza kutolewa mtu akiwa amekaa, kwa hiyo Grégoire alisimama. Kiti kilizunguka chenyewe kikabaki kinatazama ukuta. Elodie alilifunga jalada taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

Ndipo Gloire alipoiona kalamu mezani. Aliiinua, akasoma, uso ukamfunguka. "G. Zagabe, Directeur de Cabinet! Muangalie, banaandika jina yangu! Ni cadeau? Nani alinifanyia?"

Ukweli ulikuwa mfupi, neno moja tu: yangu. Grégoire alifungua kinywa alitamke. Lakini aliona simu nne zimeinuliwa. Akakumbuka karatasi tatu zenye saini yake, jambo ambalo bila shaka sheria ina jina lake. Akamwona Elodie anayemtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma kuliko yote.

"Ni... ni siye, Excellence," alisema. "Batu ya Cimpunda. Tulisema tukukaribishe."

Wakapiga makofi. Gloire akaketi kujaribu zawadi yake, akaibonyeza kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango, kisha akauzungusha mkia ili aone kitu gani kitatokea. Ikamtapikia. Wino ulishika mkono wa shati jeupe mpaka kwenye kifungo. Grégoire alikuwa wa kwanza kuinama. Kwa leso yake ya Jumapili alipangusa shati, akapangusa ncha, akarudisha matone matatu kwenye chupa ya wino ya pale mezani, akaiweka kalamu tayari katika vidole vya kijana.

"Tonton, weye unajua hii kazi!" alisema Gloire. "Baki hapa. Utakuwa unanijazia. Elodie, andika: attaché."

"Attaché wa nini, Excellence?" aliuliza Elodie.

Gloire alifikiri. "Attaché tu."

Nyumbani Grégoire alisema kwamba kulitokea mabadiliko madogo ya kiutawala. Kwamba sasa ni attaché, yaani mwambata, jambo ambalo kwa namna fulani ni zuri zaidi, kwa sababu attaché yuko karibu na mkubwa kila saa. Domitille alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na kalamu?"

"Iko ku bureau. Kalamu ya kazi inabakiaka ku kazi."

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tano. Mshahara wa attaché ulikuwa njiani. Katika ofisi ya zamani walikuwa wamesikia kwamba Zagabe amepanda cheo, wakampongeza kwa kumpa mtu mwingine meza yake. Kila asubuhi Grégoire alijaza kalamu, akaipangusa, akasimama nyuma ya Gloire na chupa ya wino juu ya sahani ya chai. Mvua zikaanza. Domitille alihamisha jiko chini ya ukingo wa paa la nyumba na kupika amejifunika mfuko wa saruji.

Ukweli aliupata sokoni Kadutu, pamoja na chenji. Mke wa dereva wa waziri, aliyekuja kununua sambaza, alimtazama vizuri akauliza, "Bwana yako njo ule banaitaka Papa Wino? Ule alileta cadeau ya kalamu?" Aliuliza kwa wema, na hilo halikusaidia.

Domitille alimpimia sambaza zake, akaongeza kiganja cha bure kama ilivyo desturi, akamwomba jirani amlindie meza. Alikwenda nyumbani akavaa kitenge cha misa. Saa tano alikuwa kwenye chumba cha kungojea cha ofisi ya waziri, kati ya padri aliyefuata hati ya shule na wageni wawili wa shirika moja la maji. Hakungoja sana. Gloire mwenyewe alitoka kuwapokea wageni, kalamu mkononi, na nyuma yake hatua mbili alitoka Grégoire na sahani yake.

Domitille alisimama. "Bonjour, Excellence. Nilikuja kukamata kalamu yangu."

"Kalamu gani, Maman?"

"Ile iko mu mukono yako. Nililipa cent vingt dollars. Ilikuwa bati ya cuisine yangu."

Watu walicheka kidogo, kama watu wanaongoja kujua upande wa kucheka. Gloire aligeuka nyuma. "Tonton, unajua huyu maman?"

Grégoire alimtazama mwanamke aliyelala ubavuni mwake miaka kumi na tisa, ambaye alfajiri ile ile alimnyooshea kola kwa pasi ya makaa. Aliitazama suti yake, wageni, mlango wa ofisi.

"Hapana, Excellence," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya watu wa mapokezi: "Maman, unatafuta nani?"

Domitille hakupiga kelele. Walioitarajia kelele walisikia mvua tu juu ya bati nzuri za serikali.

"Nilikuwa natafuta bwana moja, anaitwa Zagabe," alisema. "Banasema anatumikaka hapa. Basi, ni kosa yangu. Haiko hapa."

Kisha akanyoosha kiganja mbele ya Gloire, kama anavyokinyoosha kila siku mbele ya mteja aliyechelewa kulipa, akakiacha pale. Padri alikohoa. Mgeni mmoja wa shirika la maji alimuuliza mwenzake wanasema nini, na mwenzake akaanza kumtafsiria, polepole, neno kwa neno. Gloire alitazama kiganja, akawatazama wageni, akacheka peke yake.

"Kamata, Maman. Hata inanichafuaka tu."

Aliipokea. Lakini kabla ya kuondoka alimwendea Grégoire, akaishika ile chupa kwenye sahani, akatumbukiza ncha na kuuzungusha mkia mpaka tone la mwisho likarudi chupani. "Wino ni ya serikali," alisema. Akaifunga kalamu kwenye pindo la kitenge na kutoka. Mlinzi alimfungulia lango na kumpigia saluti, hakujua kwa nini.

Jioni Grégoire alirudi, akakuta bugali na sombe ya majani ya muhogo juu ya meza, vimefunikwa kama kawaida.

"Nilisema vile sababu ya kazi," alisema akiwa bado amesimama mlangoni.

"Kula."

"Domitille, bageni balikuwa..."

"Bugali inapoa, Papa."

Carmel aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Hakuwa amewahi kumsikia mama yake akimwita baba "Papa" namna ile, kama anavyowaita wanaume wasiojulikana sokoni. Grégoire alikula. Hakuna usiku uliowahi kuwa na adabu kama ule.

Kesho yake attaché hakuwa tena na kitu cha kuambatana nacho. Elodie alimpa chai ya mwisho na kumrudishia leso yake, iliyofuliwa, doa likiwa limebaki.

Jumamosi walikwenda Nyantende kuiuza kalamu, Domitille mbele, Grégoire nyuma. Muzee Barthélemy alikuwa na mteja tayari, Mama Lucie, mkuu wa shule ya msingi ya pale, ambaye angetoa dola sabini na tano kama maneno yaliyochongwa yangetolewa. Muzee alibana kalamu, akachukua tupa ndogo. Cheo kiliondoka haraka kuliko kilivyoandikwa. Kisha akasimama, akamtazama Grégoire, kwa kuwa yeye ndiye aliyeagiza.

"Na jina?"

Grégoire alimtazama mke wake.

"Usiniangalie miye," alisema Domitille. "Miye sijue ni ya nani."

Mbuzi walilia upande wa pili wa ukuta. Grégoire alipitisha kidole juu ya herufi zile, akasikia zilivyochimbwa kwa usawa, hata ile Z ngumu.

"Toa," alisema.

Vumbi la pembe lilianguka kwenye paja la muzee, jeupe. Mama Lucie alilipa noti moja moja, akaijaribu kalamu kwenye karatasi, akasema ni nene mno lakini atazoea.

Dola sabini na tano zilitoa bati sita pale Kadutu. Jiko lilihitaji nane. Grégoire alizibeba zote kichwani, juu ya kata ya majani ya ndizi, kupanda ngazi za udongo za Cimpunda, na bati zilipiga ngoma kwa kila hatua. Habari ilikuwa imemtangulia. Habari haipandi ngazi, inaruka. Kwenye kona ya kwanza mwalimu wa jirani alivua kofia. "Bonjour, Excellence!" Kwenye kona ya pili walikuwa wengi. "Excellence! Cabinet inahama?"

Jasho lilimwingia Grégoire machoni na mikono yote miwili ilikuwa juu. Kichwa kikaanza kuinama.

"Nyoosha shingo," Domitille alisema nyuma yake. "Utanipindia bati."

Akainyoosha.